Dobri Kanev Hakuwa Amelewa

Wasikilizaji wapendwa, hebu acheni vyombo kidogo huko jikoni. Leo tunamkumbuka Dobri Kanev, seremala wa mtaa wetu wa kinuni. Alizama mtoni sikukuu ya Yordani, siku ya ubatizo wa Yesu, mbele ya padri na mbele yetu sote.

Dobri hakuwa mlevi. Nitalirudia hilo, maana mtaani kinyume chake kimesemwa miaka miwili.

Yalianza kwa maambukizi kwenye damu. Dawa ya dripu iliokoa maisha yake, lakini ikaua kitu kidogo ndani ya masikio yote mawili, kile kinachotuambia juu ni wapi na chini ni wapi. Kusikia alisikia vizuri tu. Kusimama ndiko kulikomshinda. Alitambaa kwenda chooni huku akitapika, na ukuta akiuona unamkimbia. "Nilimlisha supu kwa kijiko," anasema mkewe, Nedka. "Akalia. Sikuwahi kumwona Dobri akilia."

Daktari Vlaeva akampa mazoezi. Kaza macho kwenye kidole gumba, geuza kichwa. Tembea peku sakafuni, tena na tena. Na kweli, wasikilizaji, ubongo ukaacha kuyasubiri masikio. Ukaanza kuyategemea macho na nyayo. Dobri akasimama, akarudi kwenye randa yake. Lakini daktari alimwonya waziwazi: "Masikio hayajapona. Ubongo umejifunza njia nyingine tu. Gizani shika ukuta. Mtoni usiingie kabisa."

Jioni, mwanga ukipungua, alipepesuka. Basi watu wakapata la kusema. Pale kwenye duka la rakia, ile pombe kali ya matunda, walimpigia miluzi. "We Dobri, leo umemaliza pipa zima?" Hata mdogo wake, Pencho, alimchokoza mezani: "Kaka, kama si pombe, ruka mtoni siku ya Yordani tukuone."

Desturi mnaijua. Padri anatupa msalaba mtoni, wanaume wanaruka kuufuata, na anayeushika hupata afya mwaka mzima. Siku ilipofika, Nedka alimng'ang'ania koti. "Daktari alisemaje, mume wangu?"

"Nimepona, Nedka. Niache waone."

Inauma kulisema hili, lakini aliamini. Ubongo wake ulikuwa umeifanya kazi ile vizuri mno, hata mwenyewe akasahau kwamba inafanywa.

Aliruka wa kwanza. Theluji ilikuwa imeyeyuka, mto umejaa tope. Kule chini macho hayakuona kitu, nyayo hazikukanyaga kitu, na ubongo ukakosa pa kuuliza. Dobri aliogelea kwa nguvu zake zote, akidhani anapanda. Alikuwa anashuka. Msalaba wenyewe ni wa mbao. Ulikuwa ukielea juu yake, nasi tukishangilia.

Pencho ndiye aliyemtoa. "Viganja vyake vilijaa tope la chini," aliniambia.

Pole sana, Nedka. Pole, Pencho, mzigo huo si wako peke yako. Na sisi tuliopiga miluzi tujiulize: mtu alikuwa akijifunza upya kusimama, sisi tulikuwa tunacheka nini?

Jana nilimuuliza Nedka tuseme nini juu ya mumewe. Hakutaka sifa. "Sema tu hakuwa amelewa. Sema kwa sauti, pale dukani wana redio."

Haya, wa dukani, mnanisikia. Dobri Kanev hakuwa amelewa.