Fundi Cheche na Muziki wa Kutuliza Wagonjwa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mchomelea vyuma. Mtaani walimwita Fundi Cheche, na ukimwita jina jingine hakugeuka. Ukimwita hilo lenyewe, mara nyingi pia hakugeuka. Miaka arobaini ya nyundo na mashine ya kusaga vyuma ilikuwa imeondoka na masikio yake: moja lote, jingine nusu.

Pale karakana hakuna aliyempigia kelele. Ukimtaka Fundi, unagonga mara mbili bati lililolala sakafuni. Anasikia kwa nyayo, anavua miwani ya kujikinga, anakutazama midomo. "Sema taratibu," atakuambia, "na usinitukane, midomo yako naiona." Mageti ya nusu ya mtaa ule ni kazi ya mikono yake. Mengine yalipinda, naye aliapa kwamba ni nyumba ndizo zilizopinda.

Jumanne moja mwezi uliopita alianza kubanwa kifua. Bintiye, mwalimu wa shule ya msingi, akamfikisha kliniki saa mbili asubuhi. Akataka kubaki naye. Mzee akakataa katakata.

"Nenda kafundishe watoto wa watu. Mimi si mtoto wa chekechea."

"Baba, wakikuita je?"

"Nitaitika. Ulimi ninao."

Ulimi alikuwa nao. Masikio ndiyo hakuwa nayo, na hilo hakupenda liongelewe mbele za watu.

Sasa sikilizeni vizuri. Chumba cha kusubiri kina benchi sita, feni moja, na spika mpya ukutani. Spika iliwekwa ili muziki utulize wagonjwa. Wazo lenyewe si baya. Mama mmoja aliyekuwa pale alituambia kwamba siku muziki ukiwa wa chini, hofu ya sindano humtoka. Lakini Jumanne ile ulifunguliwa mpaka benchi zikatetemeka. Na karani wa mapokezi aliita majina kwa mdomo mtupu, nyuma ya kioo kilichobandikwa matangazo mpaka sura yake haionekani. Utaratibu wao ni huu: asiyeitika, kadi yake inashushwa chini kabisa ya rundo.

Fundi aliinama kwenye tundu la kioo, mahali pekee alipoweza kuona midomo.

"Mwanangu, punguza hiyo ngoma kidogo. Au zamu yangu ikifika, njoo uniguse bega."

"Mzee, huo ni muziki wa kutuliza wagonjwa. Kaa utulie."

"Sijaja kutulizwa, mwanangu. Nimekuja kutibiwa."

Benchi nzima ikacheka. Naye akacheka, akarudi kukaa. Mtu anayecheka, nani atadhani anaumwa?

Waliita saa tatu. Waliita saa nne na nusu. Waliita saa sita. Kadi yake ikashushwa mara tatu. Nasema tena: mara tatu. Benchi sita, wasikilizaji! Si uwanja wa mpira ule. Mtu anainuka, anapita kwenye benchi, anauliza, "Fundi ni yupi hapa?" na anarudi kukaa chai yake haijapoa.

Binti alirudi saa saba. Alimkuta shati limelowa jasho, midomo imepauka.

"Baba! Bado hujaonwa?"

"Leo wanapiga muziki tu. Kuita watu wamesahau."

Huo ndio ulikuwa utani wake wa mwisho. Saa nane alikuwa amefariki, mkono wake ndani ya mkono wa bintiye. Daktari hakuficha: "Angeingia kwangu saa tatu, tungepambana." Karani naye alikuwa na lake: "Tulimwita mara tatu, dada. Hakuitika."

Tulimuuliza msimamizi wa kliniki. Akasema wagonjwa wengi wanaufurahia muziki. Namwamini. Waliobaki hai wanaufurahia.

Kuna jambo moja sijalisema. Muziki ule haukutoka kwenye kanda wala kwenye simu ya mtu. Ilikuwa redio. Ilikuwa redio hii. Asubuhi ile tulikuwa tunapiga nyimbo za salamu, tukiwatakia wagonjwa wote afueni ya haraka.

Kwa dada yetu mwalimu, kwa mama mjane, kwa wajukuu: poleni sana. Watu wasiwaambie kwamba mzee wenu alikuwa mzembe au mkaidi. Alikuwa pale. Tangu saa mbili mpaka bintiye anarudi saa saba, masaa matano mazima, alikuwa pale.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini. Na kama sauti yangu inakufikia ukiwa kwenye benchi unasubiri daktari, inuka umwambie karani anizime. Sitanuna. Anizime sasa hivi. Kisha mgeukie uliyekaa naye, mtazame usoni, umuulize anaitwa nani.