Shangazi Mara Mbili Hatabebwa

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi mkuu wa rangi wa hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kama unasoma maneno haya ukiwa umeketi kwenye korido yoyote ya jengo hili, nyoosha mkono uguse ukuta. Hapo ulipogusa ni kazi yake.

Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa furaha, kwa sababu kumuaga mstaafu ni jambo la furaha. Nimemwahidi nitajaribu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipaka juu ya ngazi wakati yeye anapaka chini, kwa hiyo namfahamu, na yale aliyofanyiwa hapa nayafahamu pia. Furaha itakuwepo, ila asinilaumu mtu nikianza kufoka katikati.

Alikuja akiwa binti, brashi zake mwenyewe zimeviringishwa kwenye kitambaa. Fundi mkuu wa wakati huo alidhani ameletwa kufagia. Ili amwondoe haraka, alimpa kopo moja na ukuta wa nyuma ya chumba cha kufulia, mahali asipopita mtu. Jioni alikwenda kukagua, akakaa pale muda mrefu akimtazama mikono. Ufagio haukutajwa tena.

Jina la Shangazi lilianzishwa na mtunza bustani wetu, ambaye ni mtoto wa kaka yake hasa. Alimwita hivyo siku moja mbele ya watu, na sisi wengine tukadandia. Hilo la Mara Mbili tulimpa wenyewe. Anaamini kwamba ukuta uliopakwa mara moja ni ukuta uliodanganywa. Kila wageni wakubwa walipotarajiwa, amri ilikuja tupake haraka haraka juu ya ukungu wa wodi ya watoto, funika kombe mwanaharamu apite. Yeye alikwangua, akapiga msasa, akaziba nyufa, akapaka, akangoja ikauke, akapaka tena. Wageni walishakula wakaondoka, yeye bado yuko na kopo lake. Katibu wa hospitali alilalamika sana. Ukungu haukurudi kwenye wodi ile, na katibu hakuomba radhi, wala hatukumtarajia.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili kazini, jukwaa alilosimama akipaka dari ya maabara lilivunjika. Alikuwa ameripoti kwamba mbao zake zimeoza. Aliripoti mara mbili, bila shaka. Alianguka chali, uti wa mgongo ukaumia, na tangu siku ile miguu yake haimsikilizi.

Wakubwa walisema ni ajali. Haya, tuseme ni ajali. Lakini kilichofuata hakikuwa ajali hata kidogo. Chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali hii kilikuwa ghorofa ya pili. Naomba msome tena: chumba cha kuwafundisha watu kutembea upya kilikuwa juu ya ngazi, na lifti ilikufa kabla wengi wetu hatujaajiriwa. Wagonjwa walipandishwa kwa machela, wengine mgongoni kwa mtu. Aliyekosa wa kumbeba alirudi nyumbani, na kwenye jalada lake ikaandikwa kwamba hakuhudhuria. Watu walioshindwa kupanda ngazi tuliwaandika kuwa watoro.

Shangazi alibebwa wiki baada ya wiki, kanga ikimteleza, watu wazima wakitazama pembeni kwa adabu. Siku moja mhudumu wa mbele alikosea hatua, machela ikainama, naye akabaki ananing'inia mbele ya ukuta aliopaka kwa mikono yake. Alipofikishwa juu alimwambia mtaalamu wa mazoezi, "Leo ndiyo mwisho. Mimi si gunia la saruji. Ukinitaka kesho, shuka." Mtaalamu yule, dada mpya kazini ambaye bado alikuwa akiogopa hata kivuli cha katibu, alishuka. Walifanyia mazoezi kwenye stoo yetu ya rangi, katikati ya makopo, Shangazi akijivuta kwa kushika rafu. Dada huyo hajawahi kushukuriwa na ofisi yoyote, basi mimi namshukuru hapa.

Nyumbani nako mumewe, seremala, alikuwa akipanua milango kila jioni baada ya kazi yake, mlango mmoja mmoja, hadi mkewe aliporuhusiwa akaingia na kiti chake cha magurudumu moja kwa moja hadi jikoni. Mtu mmoja na msumeno wake. Hospitali yenye idara nzima ya matengenezo, yenye waashi, mbao na saruji imejaa stoo, ilihitaji miaka mingi na ugomvi mwingi kuhamisha chumba kimoja.

Aliporudi kazini walimweka getini agawe vibandiko vya wageni. Kazi nyepesi, waliiita, kwa sauti ile ya watu walio msibani. Katibu alimwambia, "Pumzika, Shangazi. Umeshaumia vya kutosha." Naye akamjibu, "Nimeumia miguu, mwanangu. Uliwahi kuniona napaka kwa miguu?" Alikaa pale getini kwa muda, akigawa vibandiko kwa uso wa mtu aliyenyonya limau. Asubuhi moja geti likakosa mtu. Tulimkuta kwenye korido ya wodi ya upasuaji, kopo mapajani, brashi mkononi, ameshamaliza upande mmoja.

Tangu siku hiyo tuligawana kuta. Yeye alipaka kutoka sakafuni hadi mkono wake unapofika, mimi nikapaka kutoka hapo hadi dari. Sasa, ukuta wa hospitali hauchakai juu. Machela, vitanda, magongo, migongo ya watu waliochoka kungoja, vyote vinaukwaruza chini. Kwa hiyo nusu yake ilikuwa kazi na nusu yangu ilikuwa mapambo, na alinikumbusha hivyo kila tulipokunywa chai. Pale rangi zetu zilipokutana hakutaka kuona alama. Nikiiacha, alinitania kwamba kumbe miguu mizima haimsaidii mtu kuona.

Wagonjwa wengine walisikia kwamba kuna mazoezi chini, wakaanza kuja stoo. Alikuja mwalimu aliyekatwa miguu yote miwili kwa sababu ya kisukari, na shule yake ikamwambia darasa lake liko ghorofani, pole sana. Alikuja fundi cherehani aliyepooza upande wa kulia, akijifunza upya kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Wakawa wengi, wakikutana kila Alhamisi, wengine kwenye viti vyao, wengine juu ya makopo yaliyopinduliwa. Mwanzoni walizungumzia maumivu tu. Shangazi aliwasikiliza, akawapa pole, kisha akawaambia maumivu yana dawa zake, sasa wazungumzie ngazi.

Walikwenda kwa katibu, akawatuma kwa mganga mkuu, naye akawarudisha kwa katibu, naye akasema bodi haijakaa. Walipochoka kupigwa danadana, waliamua kungoja jibu nje ya mlango wa katibu, kila Alhamisi, magurudumu na magongo yao yote yakiwa hapo. Mlango wenyewe ni mwembamba. Ilipofika saa ya chakula, katibu alilazimika kuomba njia ili atoke. "Pole, mheshimiwa," mwalimu alimwambia kwa upole wa darasani, "ni usumbufu kweli mtu asipoweza kupita."

Ili wanyamaze, walijengewa njia ya mteremko kwenye mlango mkuu. Utepe ulikatwa. Mgeni rasmi aliipanda kwa viatu vyake vinavyong'aa, akapigwa picha akiwa juu, akapigiwa makofi. Hata mtu mmoja anayetumia magurudumu hakuulizwa, wala wa pili, wala wa tatu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Njia ile ilikuwa kali kama paa la nyumba, na juu kabisa, mbele ya mlango, waashi waliacha kizingiti, kwa sababu mlango ule siku zote ulikuwa na kizingiti na hakuna aliyewaambia wakitoe. Shangazi aliagizwa achore pembeni alama ya buluu ya kiti cha magurudumu. Alichanganya rangi, akaenda, akatazama juu, akatazama chini, akafunga kopo. "Sichori uongo ukutani," alisema. Barua ya onyo ilimfikia siku ile ile. Barua za kuomba hukaa mezani mpaka zinapauka, lakini ya onyo ina mbio.

Hakuijibu. Badala yake, kila mapumziko ya chai alijiweka chini ya mteremko ule, na kando yake kiti kingine cha magurudumu, kitupu, akimkaribisha kila mkubwa anayepita. "Karibu, bosi, tupande wote." Mabosi walikuwa na haraka. Aliyekubali kwanza ni mpishi mkuu, mtu wa miraba minne, tena kwa mbwembwe. Alisukuma magurudumu kwa nguvu zote, akafika nusu, kiti kikaanza kurudi nyuma, naye akapiga yowe hadi wagonjwa wakajaa madirishani. Tulicheka mpaka machozi.

Kisha mwalimu akapanda, si kwa mchezo, maana alikuwa na kliniki asubuhi ile na njia nyingine hakuna. Alifika juu akakwama kwenye kizingiti. Akabaki pale ameshikilia magurudumu yasimrudishe chini, jasho likimtoka, huku mlinzi akimwuliza kama ana miadi. Hapo kicheko kilikatika. Mpishi mkuu alimkimbilia, akamshika kiti, kisha akaenda na aproni yake hadi kwa mganga mkuu. Walichoambiana sijui. Ninachojua ni kwamba wiki ile chakula cha wakubwa kilichelewa kila siku.

Mteremko ulivunjwa ukajengwa upya, Shangazi na mwalimu wakiwa wameketi pale tangu jiwe la kwanza. Kizingiti kikatoka. Baada ya vikao vingine visivyohesabika, chumba cha mazoezi nacho kikashushwa chini, kwenye kilichokuwa chumba cha mikutano cha wakubwa. Wakubwa walinung'unika kwamba sasa watalazimika kupanda ngazi. Hebu fikirini. Ndipo Shangazi alipofungua lile kopo la buluu, akachora alama kwenye mlango mkuu na kwenye mlango wa mazoezi, zilipokauka akazirudia.

Leo Kundi la Alhamisi linaitwa na shule na masoko likague milango na ngazi zao. Fundi cherehani ndiye mwenyekiti, na anajulikana kwa kutokunywa soda ya mtu kabla hajaona choo chake. Mwalimu amerudi kufundisha, darasa la chini. Na taarifa ya mwaka ya hospitali yetu inasema kwamba uongozi "uliona umuhimu" wa kuwafikiria wenye ulemavu. Haukuona. Ulioneshwa, kwa nguvu, na watu uliokuwa ukiwabeba kama mizigo.

Sasa nifike kwenye sherehe yenyewe. Kile chumba cha zamani cha mazoezi, cha ghorofa ya pili, siku hizi ndicho ukumbi wetu. Kamati ya sherehe iliamua kumuaga Shangazi huko huko. Lifti bado imekufa. Mwenyekiti wa kamati alikuja stoo na habari njema: vijana wanne wenye nguvu wamechaguliwa, watavaa fulana zinazofanana, kiti kitapambwa maua, na Shangazi atabebwa juu kwa juu huku watu wakipiga makofi. Alisema huku anatabasamu. Alidhani ni heshima, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Angekuwa na nia mbaya ningemwelewa.

Shangazi aliweka brashi chini. "Mwanangu, ngazi zile nilibebwa nikiwa sina la kufanya. Nitabebwa mara moja nyingine, na siku hiyo sitakuwa na habari. Naomba sherehe ishushwe." Akajibiwa kwamba ukumbi umeshapambwa, vipaza sauti vimefungwa, wakubwa wamethibitisha. Akaomba mara ya pili. Jibu likawa lile lile, na nyongeza: asiwaharibie watu siku yao.

Siku yao! Shangazi hakubishana. Alimpigia simu binti yake aje amchukue mapema siku hiyo ya sherehe, kabla watu hawajapanda ukumbini. Miaka thelathini na mmoja, na alikuwa tayari kuondoka bila kuambiwa hata asante, kuliko kuambiwa akiwa mabegani mwa watu.

Jana asubuhi mpishi mkuu alipanda ukumbini peke yake. Aliporudi alikuwa na viti viwili, kimoja kila mkono. Akaviweka kwenye korido kuu, akapanda tena. Wakamfuata wafua nguo, kisha mtunza bustani, kisha wauguzi waliokuwa wanatoka zamu, kisha yule dada mtaalamu wa mazoezi, ambaye siku hizi haogopi kivuli cha mtu. Kundi la Alhamisi lilipanga safu kadiri viti vilivyoshuka, likiacha nafasi pana za magurudumu katikati. Nilipopita mchana, korido nzima ilikuwa imepangwa kuelekea ukuta wake. Huko juu yamebaki maua na vipaza sauti. Binti yake ameambiwa asije mapema.

Shangazi, asante kwa kuta, asante kwa utani, na asante kwa kila mara ulipofunga kopo badala ya kutii. Tunakutakia maisha mema na marefu, wewe na seremala wako, kwenye nyumba yenye milango mipana. Na popote utakapokuta pasipopitika, usitustaafie mdomo.

Kwa mgeni rasmi, bodi na wakubwa wetu wote: sherehe ni tarehe hiyo thelathini, saa nane mchana. Aliye juu mngoje chini, walisema waliotutangulia. Tumeshaketi, tunawangoja.