Shangazi na Gari Lisiloondoka

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mshauri nasaha mkuu wa hospitali yetu, ambaye kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini humwita Shangazi, anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini Juni. Tunamuaga mtu ambaye hajawahi kumkatiza mgonjwa kauli, ingawa vikao vya wafanyakazi alivikatiza bila huruma vilipoingilia saa ya chai.

Alipoajiriwa, kitengo chetu kilikuwa na vyumba vitatu: cha wasiwasi, cha sonona, na cha wanaotaka kuacha pombe na sigara. Kila mshauri alikuwa na njia yake na mlango wake, na milango ilifungwa. Aliyekuwa na shida zote tatu alizungushwa kama mtu anayetafuta muhuri, akisimulia upya kila alipoketi.

Ndipo akaja dereva wa gari letu la wagonjwa. Mwenyewe ameridhia tuyaeleze haya, tena amesisitiza tusiyapunguze. Tangu ajali iliyomjeruhi muuguzi aliyekuwa naye garini, kila aliposhika usukani aliuachia na kushuka. Usiku hakulala bila kulewa; mchana hakuwa na hamu hata ya kucheza na wanawe. Uongozi ulimpa miezi mitatu: arudi barabarani au aache kazi. Chumba cha kwanza, alimokuwa Shangazi mwenyewe, kilimfundisha kuyahoji mawazo yake; cha pili kilitaka habari za utoto wake; cha tatu kilimwambia aache pombe. Aliporudi kwa Shangazi na kuulizwa amefikia wapi, alijibu kwamba amechoka kujirudia, Shangazi aende mwenyewe akaulize chumba jirani.

Shangazi alinyanyuka, akabeba kiti chake, akaenda kuuliza jirani.

Tangu siku hiyo washauri wote watatu walikaa na dereva pamoja. Mganga mkuu wa wakati huo alinung'unika kwamba dawa zote zinamiminwa katika chupa moja. Shangazi alimjibu kwa adabu kwamba mgonjwa naye amekuja na kichwa kimoja.

Wala hawakuchanganya ovyo. Kwanza waliuliza pombe inamfanyia nini, wakagundua inamlaza. Basi, daktari akisimamia, walimtafutia usingizi kwa njia nyingine huku wakimpunguzia glasi. Kisha wakalipima naye lile wazo kwamba akiendesha tena ataua mtu. Halafu yakaja mazoezi: Shangazi aliketi naye ndani ya gari lililoegeshwa uani, injini imezimwa, wakivuta pumzi taratibu. Mlinzi, aliyewatazama asubuhi kadhaa mfululizo, aliuliza kwa heshima safari hiyo ni ya wapi, mbona haifiki. Shangazi alimhakikishia kwamba wameshavuka milima. Kazi yake mlinzi, alisema, ni kufungua geti watakapolifikia.

Katikati dereva aliteleza, akarudia chupa, akajificha kwa aibu. Shangazi alimfuata hadi nyumbani na kumwambia mbele ya mkewe kwamba kiti chake hakijapewa mtu. Dereva akarudi. Kabla ya miezi mitatu kwisha, gari lilitoka getini, na mlinzi akapiga saluti.

Si wote waliopona, naye hakuwahi kudai hivyo. Hata sukari katika chai ameipiga vita kwa njia zote tatu, na vijiko bado ni vinne. Lakini leo kitengo chetu kina mlango mmoja, na washauri wachanga hawaamini kuwa kuliwahi kuwa na mingine.

Dereva yule ndiye aliyewaleta wageni wetu asubuhi hii. Shangazi naye amekiri kwake siri ya miaka mingi: hajawahi kuendesha gari, kwa woga. Jumatatu ataketi upande wa usukani, dereva kando yake, injini imezimwa, bila haraka yoyote.

Shangazi, asante kwa kile kiti ulichokibeba. Tunakuombea afya, usingizi mnono na njia nyeupe. Mlinzi ameshaambiwa afungue geti.