Mgongo wa Punda wa Dumu

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja ulioegemea duka la nyuzi. Kila asubuhi Dumu, muuza maji, humsimamisha punda wake hapo, akateremsha madumu mawili kati ya manne, ya Bi Kahawa anayeuza kahawa hapo, kisha akakaa kupiga soga. Leo aliiacha kahawa ipoe. Punda alikuwa amepinda mgongo, mguu mmoja wa nyuma ukining'inia, na saa sita mchinjaji angekuja kumchukua. Daktari wa mifugo alisema hakuna kilichovunjika, ajaribu kwanza kumwita mama mmoja anayenyoosha wanyama migongo, naye Dumu alikuwa amemwita.

— Kwa mikono mitupu? alicheka Profesa, fundi saa. Samaki mkunje angali mbichi, ndugu yangu. Huyu keshakauka!

— Hamkunji, anamkunjua, Dumu akasema.

— Usidharau, akadakia Sindano, mshona nguo. Ng'ombe wa shemeji yangu alibonyezwa kiuno, jioni akatoa mtindi.

— Mtindi moja kwa moja? Profesa akauliza.

— Kilikosekana kijiko tu!

— Hiyo ndogo, akasema Profesa. Kuna kuku kanyooshwa shingo, sasa anataga mayai marefu kama tochi.

— Nyie! Bi Kahawa akafoka. Mwenzenu yuko msibani, nyie mnataga!

Mama mfupi mwenye mkoba begani akafika, akawaamkia, akaenda moja kwa moja kwa punda. Akapitisha vidole gumba juu ya uti wa mgongo, pingili kwa pingili, mpaka ngozi ikaruka. Akatazama ubavu wa kulia: mtupu. Wa kushoto: madumu mawili, yamejaa.

— Kila siku mnapoongea, husimama hivi?

Dumu alikumbuka soga za miaka minne, kikombe baada ya kikombe. Profesa akachungulia chake, kilikuwa kitupu.

— Haya, shusheni.

Wakashusha. Mama akaegemeza kiganja karibu na nyonga, akasukuma mara moja tu, upesi. Punda akashusha pumzi ndefu, akalamba midomo. Taratibu, kama anayejaribu maji ya baridi, akaukanyagisha chini mguu uliokuwa ukining'inia.

— Kapona? Dumu akauliza kwa sauti ndogo.

— Bado, mwanangu. Nitarudi Jumamosi. Mzigo asibebe wiki tatu.

Dumu hakungoja saa sita. Alikwenda mbio kumwambia mchinjaji asije. Alipogeuka kona aliwaona Profesa na Sindano, kila mmoja na dumu moja begani, wakipanda mlima kuwapelekea wateja wake maji, wakibishana ni bega lipi linalopinda kwanza.