Karanga za Zuzu na Mwanzo wa Ulimwengu

Tarehe 30 Juni Profesa Sidonia Chilongani anastaafu, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja. Idara ya Fizikia inapoteza mwanakosmolojia wake pekee. Sisi wa ofisi za jirani tunapoteza karanga.

Kwa wasiomfahamu, kazi yake ni kutafuta kwa hesabu jinsi ulimwengu ulivyoanza. Hana darubini. Mgeni mmoja mheshimiwa alipoomba kuiona, Profesa alimwonyesha penseli, naye akaishika kwa heshima zote na kupigwa nayo picha.

Amechapisha makala nyingi, ambazo wengi wetu tumezisifu bila kuzimaliza, na vitabu vitatu vya Kiswahili kwa wasomaji wa kawaida. Vitabu hivyo, kwa kukiri kwake mwenyewe, alimwandikia mama yake, Bibi Anna, mkulima wa kijiji cha Zuzu. Kila alipoulizwa binti yake anafanya kazi gani, Bibi Anna alijibu kwa aibu kidogo kwamba yuko chuoni, kisha akabadilisha mazungumzo. Hilo lilimuuma Profesa kuliko makala yoyote iliyokataliwa.

Basi kila sura ilisomwa kwanza Zuzu, Bibi Anna akibangua karanga. Sura ikimshika, mikono yake ilisimama. Isipomshika, beseni lilijaa. Profesa akiingia Jumatatu na mfuko wa karanga, tulijua sura imeanguka, tukampa pole huku tukitafuna. Mimi, Deusdedit, ninakiri kwamba sura ya nguvu za mvutano niliiombea ianguke mara ya tatu.

Sura ya mwisho ya kitabu cha tatu, kuhusu kilichokuwapo kabla ya mwanzo, ilitulisha miezi minne. Profesa alikuwa akiipamba kwa maneno makubwa. Mwezi Machi akaifuta yote, akaandika waziwazi kwamba hajui, wala hakuna anayejua, kisha akaeleza jinsi wanasayansi wanavyotafuta. Jumatatu baada ya kuisoma Zuzu, alirudi mikono mitupu. Tulifurahi, kwa shida.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, katekista alimuuliza Bibi Anna habari za binti yake mbele ya watu. Safari hii hakukwepa. "Mwanangu anatafuta mwanzo wa vitu vyote," alisema. "Hajaupata. Na haogopi kusema hajaupata."

Profesa alikuwa amesimama nyuma yake, na alilia.

Tunakushukuru, Profesa, kwa wanafunzi uliowalea na kwa subira yako kwetu. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya raha. Hotuba ya kukuaga ilikuwa kurasa sita. Tumeiweka kando, maana mama yako alishaisema.