Ukurasa wa Penseli wa Bi Mwakani

Wasikilizaji wapendwa, mmezoea kunisikia asubuhi. Leo nimeomba kuja jioni, moja kwa moja, bila kurekodi. Sababu mtaijua. Kwanza tumkumbuke marehemu.

Alikuwa karani wa kumbukumbu za wagonjwa, kliniki ya mishipa ya fahamu, chumba cha mwisho karibu na stoo. Wagonjwa tulimwita Bi Mwakani. Kila simu yake iliishia hivyo: "Haya, mwakani, Mungu akipenda."

Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na adui, inamgeukia mwenye nyumba. Inavuruga mawasiliano ya neva na misuli. Kope zinaanguka, kumeza kunakuwa kazi. Ni nadra sana. Daktari anaweza kuona wagonjwa wawili kwa mwaka, na wawili hawamfundishi mengi. Basi Bi Mwakani akaanza kutukusanya. Alianza na wagonjwa kumi na mmoja, daftari moja na kalamu ya wino. Miaka ishirini na sita baadaye tulikuwa mia tatu na tisa. Narudia: miaka ishirini na sita, wagonjwa mia tatu na tisa. Kompyuta ilipoletwa aliijaza, lakini daftari hakuliacha.

Kila mwaka alimpigia kila mmoja. Maswali yale yale matano: kope, kumeza, ngazi, vifungo vya shati, sauti. Na alipiga jioni tu, kwa sababu ugonjwa huu huzidi kadiri siku inavyokwenda. "Mama alisema asubuhi kila mtu ni mzima," ananiambia binti yake, ambaye sasa amekalia kiti chake. "Mpigie jioni ndiyo utamjua."

Mmenisikia nikisema "tulikuwa". Ndiyo. Mimi ni mmoja wa hao mia tatu na tisa.

Sijawahi kulisema. Mtangazaji anayekatika sauti, nani atamwachia maikrofoni? Nikawa narekodi asubuhi, jioni najifungia ndani. Bi Mwakani akipiga, nasema nina kikao, nipigie kesho saa mbili asubuhi. Anapiga. Namjibu kama ninayesoma tangazo la sabuni: kope safi, kumeza safi, ngazi naziruka mbili mbili. Miaka tisa, wasikilizaji. Mwaka jana alicheka: "Kaka'angu, kwa afya hiyo si uje unihamishie makabati?" Nikacheka naye, sina hata haya.

Wiki iliyopita, baada ya mazishi, binti alinifungulia daftari. Kurasa za wenzangu zote ni wino. Ukurasa wangu, miaka tisa, ni penseli. Pembeni Bi Mwakani ameandika: "Nasubiri aseme mwenyewe."

"Mama alikusikia ile jioni ya mafuriko," binti akasema, "ulipolazimika kutangaza bila kurekodi. Alizima redio, akasema, 'Maskini, anateseka.'"

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema daftari ni la mgonjwa kusema, si la karani kukisia."

Madaktari walipomwomba Bi Mwakani orodha ya waliosaidiwa na dawa ninayomeza, ningekuwa wa kwanza. Miaka tisa bila dalili! Mgonjwa mgeni angepewa dawa ile kwa ushahidi wangu wa uongo. Yeye aliuacha ukurasa wangu nje. Mimi nilidhani nimempiga chenga, kumbe yeye ndiye aliyenizuia nisiwadhuru wenzangu. Naona aibu. Kwenye daftari lake kuna miaka tisa ambayo hakuna wa kuijaza tena, na niliyeiharibu ni mimi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na kifo cha mwingine.

Kwa mzee mumewe, kwa binti na wajukuu: poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu anakuuliza hali yako kwa faida ya mgonjwa asiyemjua bado, usimjibu kwa majivuno.

Binti, najua umewasha redio. Chukua kalamu ya wino. Kope: ya kushoto imeshafunga. Kumeza: mchana maji yamenitokea puani. Ngazi: nimepumzika mara tatu kufika studio. Vifungo: amenifungia mke wangu.

Sauti... hiyo, mwanangu, andika unavyoisikia.