Sharti la Wazee wa Kule

Sogeeni, wanangu, msinilazimishe kupaza sauti ambayo sina. Wewe mwanangu wa kwanza, kaa hapa kitandani, hiyo simu iache iite mpaka ichoke. Na wewe Padri, uliyepata jina hilo kwa kuwahubiria kuku wa jirani na leo unauza vipuri vya magari, kaa miguuni pangu. Shemeji, nakuona hapo mlangoni, mguu ndani mguu nje. Ingia, mengine yanakuhusu. Na wewe kitinda wangu, weka hilo beseni chini ukae na wenzako. Nimesema kaa. Mimi ni mkunga, nimewapokea wengi na nimewafumba macho wengi, kwa hiyo daktari asijisumbue kunificha. Pumzi hii naijua, haifiki mbali.

Nianze na mepesi. Randa, misumeno na patasi za baba yenu ni za Padri, si kwa kuwa anajua kuzitumia, bali ndiye aliyekuwa akizipaka mafuta mzee alipopooza. Cherehani achukue mwanangu wa kwanza. Kiwanja cha nyuma mgawane ninyi wawili, na msije mkaburuzana mahakamani kwa ajili ya migomba mitatu. Nyumba ndiyo yenye maneno, na siwezi kuisema nyumba kabla ya kusema tulikotoka.

Kanisa lilipotutuma ng'ambo, baba yenu seremala na mimi mkunga, tulisindikizwa kwa nyimbo kama watu wanaokwenda kuwashia wenzao taa. Kazi ya kwanza ya baba yenu ilikuwa mabenchi ya kanisa, akayapiga randa mpaka yakang'aa. Jumapili watu wakaingia, wakavua viatu, wakapanga vikapu vyao juu ya mabenchi kwa adabu kabisa, kisha wakaketi sakafuni kwenye mikeka. Baba yenu akadhani yamekuwa marefu, akapunguza miguu. Jumapili iliyofuata, vikapu tena. Akapunguza, akapunguza, mpaka mabenchi yakafanana na vibao vya kukatia mboga, na mimi nikawa nacheka peke yangu jikoni. Ndipo bibi mmoja mfinyanzi akamwambia, "Fundi, mbao zako nzuri, lakini sisi tunakaa chini ili mtoto akisinzia asianguke. Njoo ukae." Akaenda akakaa. Kazi yetu ilianza siku hiyo, si ile tuliyoshuka na masanduku.

Bibi yule mfinyanzi ndiye bibi yake kitinda. Mimba yangu ya tatu ilipoharibika, baba yenu akiwa mbali anajenga shule, na ninyi wawili wadogo hamwezi hata kukoroga uji, bibi yule alihamia kwangu. Alinifulia nguo ambazo mtu hamfulii asiye wake. Mimi niliyetumwa kuhudumia ndiye niliyehudumiwa, na nawaambia ukweli, nilimpenda mwanamke yule kuliko dada zangu wa tumbo moja.

Alipokufa, binti yake alikuwa amemtangulia, na mjukuu akabaki hana mtu, anatembea ameshika sketi yangu. Wakati huo misheni ilikuwa inakabidhi kazi kwa wenyeji na sisi tumeitwa nyumbani. Tukawaomba wazee wa kule watupe mtoto huyo. Wazee wakakaa, wakazungumza weee, kisha mkubwa wao akatujibu, "Mchukueni awe mtoto. Siku atakapokuwa mtumishi, mrudisheni." Baba yenu akasema ndiyo, nami nikasema ndiyo. Ahadi ni deni, wanangu, na hilo ndilo deni pekee ninalowaachia.

Tukarudi, kanisa likatupokea kwa shangwe, likatupa saa ya ukutani, likatusahau. Ndugu walikuja kutazama mali ya ng'ambo wakakuta vitabu na mikeka. Wewe shemeji uliuliza gari liko bandari gani. Tulikuwa wageni kwetu wenyewe. Mwanangu wa kwanza, ulipochekwa shuleni kwa matamshi yako, ukarudi unalia kila siku, nani alikusubiri getini na kukushika mkono? Huyu hapa kitinda, naye matamshi yake yalikuwa mabaya kuliko yako.

Kisha mkaoa, mkaolewa, mkahama, na hilo si kosa. Yeye akabaki. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulimpa, tukasahau kumvua ugeni. Amemgeuza baba yenu kitandani, amenigeuza mimi, na analala stoo kati ya masanduku ya misheni. Juzi, mwanangu wa kwanza, rafiki yako alikuuliza huyu ni nani, nawe ukajibu, "Ndiye anayemsaidia mama." Nilikuwa nimefumba macho, sikuwa nimeziba masikio. Iliniuma, mwanangu. Na msiniambie anapenda mwenyewe, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Shemeji, ulimzuia kutupa udongo kaburini kwa kaka yako, ukasema damu nzito kuliko maji. Damu hiyo nzito ilikuwa wapi mzee alipohitaji kuogeshwa? Nimekusamehe, sitaki kuondoka na kinyongo, lakini siku yangu atatupa udongo katikati ya wenzake, na wewe usipoweza kutazama, tazama miti.

Basi sikieni. Nyumba hii ni yenu watatu, sawa kwa sawa. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ni chake, na ahame stoo leo, mimi nikiwa naona. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, nami nimewalea watatu. Akitaka kwenda kutazama kwao, msindikizeni. Akirudi, asibishe hodi. Na wewe kitinda, usikae hapa kwa sababu ya shukrani. Huna deni kwetu. Ukikaa, kaa kwa kuwa ni kwako.

Mnizike mapema, jua halijawa kali. Mhubiri asiseme nilikuwa shujaa wa injili. Aseme nilikuwa mkunga, na kwamba nilipendwa ugenini. Tandikeni mikeka, watoto wasije wakaanguka.

Mungu awalinde... awape kuvumiliana, awape watoto watakaowageuza kitandani bila kukunja uso. Baraka ya baba yenu na yangu... iwe juu yenu watatu. Watatu, nimesema.

Koo limekauka. Hapana, kitinda, kaa. Kaa, mama. Mwanangu wa kwanza, nipe maji wewe... Mbona umesimama? Hujui kikombe changu ni kipi. Basi muulize mdogo wako.

Umemwitaje? Sikusikia vizuri, masikio nayo yanaaga... Mwite tena, mwanangu. Mwite hivyo hivyo.